Wapiganapo Tembo, Nyasi Zifanye Nini?

(Yafuatayo ni mazungumzo ambayo mwandishi wetu aliyatoa mbele ya wazee, walimu na vijana wa Kang'ata, wilayani Handeni.)



Kabla sijasimama hapa mbele yenu, mzee mmoja aliniuliza swali ambalo nimeona si vema nikaliacha lipite. Alisema: "Mwanangu, sisi hapa adui yetu ni jua. Mvua ikichelewa mahindi yanakauka, na watoto wanalala na njaa. Hayo mabomu ya wakubwa, yaliyoko huko ng'ambo ya bahari, yanatuhusu nini?"

Swali hilo ni la haki. Tena ndilo swali lenyewe la mazungumzo yetu ya leo, maana kama mabomu hayo hayatuhusu, basi viongozi wetu waliotumia miaka kadhaa kuyasemea walikuwa wakipoteza wakati, na mimi nimekuja kuwapotezeeni wenu.

Mwaka 1983 wataalamu wa sayansi walitoa hesabu zilizowashtua watu wengi. Walisema kwamba vita ya nyuklia ikipiganwa, moshi wa miji inayoungua utapanda juu sana angani na kuuzuia mwanga wa jua. Baridi itaingia mahali pasipo pake, mvua zitavurugika, na mavuno yatakufa hata katika nchi ambazo hazikuangukiwa na bomu hata moja. Hesabu hizo zimerudiwa mara nyingi tangu wakati huo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba vita kamili ya nyuklia baina ya Marekani na Urusi ingeweza kuua kwa njaa watu zaidi ya bilioni 5. Kwa hiyo, mzee wangu, adui yako wa siku zote na bomu la wakubwa si maadui wawili. Wa pili akija, atakuja kwa sura ya yule wa kwanza: mvua isiyonyesha, na ghala tupu.

Wala hatuna haja ya kungoja siku hiyo ya kiyama ili tuone jinsi ugomvi wa mbali unavyofika shambani. Bei ya mkonge wa Korogwe haikupangwa Korogwe kamwe. Mwaka 2022, vita ilipoanza Ukraine, mkulima wa Tanzania aliiona vita hiyo katika bei ya mfuko wa mbolea na katika nauli ya basi. Hiyo ilikuwa vita ya bunduki na mizinga tu.

Hata bomu lenyewe halikuwa mbali nasi kama tunavyodhani. Tarehe 13 Februari, 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia katika jangwa la Sahara, pale Reggane, katika ardhi ya Algeria iliyokuwa ikipigania uhuru wake. Na huku kusini, serikali ya makaburu wa Afrika ya Kusini ilitengeneza kwa siri mabomu sita, katika miaka ile ile ambayo nchi yetu na majirani zake walikuwa wakiwasaidia wapigania uhuru. Habari hiyo haikukiriwa hadharani mpaka Machi 1993, Rais de Klerk alipolieleza Bunge lake kwamba mabomu hayo yalikuwa yametengenezwa na kisha yakavunjwa. Tulilala jirani na moto bila kujua.

Ndugu zangu, wahenga wetu walisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Methali hiyo tumeitumia sana, na mara nyingi tumeitumia kwa kulalamika. Lakini methali hiyo inasema tu kinachozipata nyasi. Haisemi nyasi zifanye nini. Nataka niwaeleze juu ya mara moja ambapo nyasi zilikutana, zikashauriana, zikawaendea tembo na kuwaambia neno. Tanzania ilikuwa miongoni mwao.

Turudi nyuma hadi mwaka 1983. Marekani na Muungano wa Kisovieti walikuwa wakizungumza mjini Geneva juu ya kupunguza silaha za nyuklia. Mazungumzo yalikuwa ya namna mbili: juu ya makombora ya masafa ya kati, na juu ya makombora ya masafa marefu. Mwezi wa Novemba mwaka huo makombora mapya ya Kimarekani yalianza kuwekwa Ulaya ya Magharibi. Wasovieti, ambao nao walikuwa wamekwisha kuweka makombora yao mapya yenye kuielekea Ulaya hiyo hiyo, wakatoka katika mazungumzo ya masafa ya kati. Mwezi wa Desemba yale ya masafa marefu nayo yakafungwa bila kutajwa siku ya kukutana tena. Ikawa kimya. Wakubwa hawakuwa wakisemezana juu ya jambo hilo, na viwanda vya silaha havikulala.

Katika kimya hicho, tarehe 22 Mei, 1984, viongozi sita walitoa tamko moja, kwa maneno yale yale na siku ile ile, katika miji mikuu yao. Walikuwa Rais Raúl Alfonsín wa Argentina, Waziri Mkuu Andreas Papandreou wa Ugiriki, Waziri Mkuu Indira Gandhi wa India, Rais Miguel de la Madrid wa Meksiko, Waziri Mkuu Olof Palme wa Uswidi, na Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania. Walizitaka nchi zote tano zilizokuwa zikitambuliwa kuwa na silaha hizo, yaani Marekani, Muungano wa Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China, zisimamishe majaribio, utengenezaji na uwekaji wa silaha za nyuklia, kisha zianze kuzipunguza. Kundi hilo likaja kujulikana kama Mpango wa Amani wa Mabara Matano.

Tazameni jinsi sita hao walivyokuwa tofauti. Ugiriki ilikuwa mwanachama wa NATO, na silaha za nyuklia za Marekani zilikuwa katika ardhi yake. Uswidi haikuwa na upande. India ilikuwa imelipua chombo chake cha nyuklia mwaka 1974, na ilikataa kutia saini Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, kwa hoja kwamba mkataba huo unawaruhusu wachache na kuwakataza wengi. Argentina nayo ilikuwa nje ya mkataba huo. Meksiko, kinyume chake, ndiyo iliyokuwa nyumbani kwa Mkataba wa Tlatelolco wa mwaka 1967 uliopiga marufuku silaha hizo katika Amerika ya Kilatini. Na sisi Tanzania? Tulikuwa maskini kuliko wote sita, tumetoka katika vita ya Kagera na Idi Amin, hatuna fedha za kigeni, maduka yetu hayana sabuni. Hata mkataba huo wa kuzuia kuenea kwa silaha hizo, Tanzania iliingia mwaka 1991 tu.

Yuko atakayesema kwamba kundi la namna hiyo lilikuwa na unafiki ndani yake. Sitambishia sana. Lakini niruhusuni niseme kwamba hapo hapo ndipo penye fundisho la kwanza. Washirika hawakungoja mpaka wakubaliane kwa kila kitu. Walitafuta lile walilokubaliana, wakaliandika, wakalitia saini, na yale wasiyokubaliana wakayaacha nje ya karatasi. Sisi tulikuwa tumekwisha kuijifunza kazi hiyo katika Nchi za Mstari wa Mbele, ambako Mwalimu, akiwa mwenyekiti, alikaa na wenzake kutafuta sauti moja juu ya Rhodesia na Namibia, ingawa kila nchi ilikuwa na mipaka yake, reli yake na shida zake. Sauti sita zinazosema mambo sita ni kelele. Mkubwa huchagua ile inayompendeza na kuzipuuza nyingine. Sauti sita zinazosema neno moja humlazimisha kujibu.

Na walijibiwa. Mwezi wa Januari 1985 viongozi hao walikutana New Delhi na kutoa Azimio la Delhi, tarehe 28. Walitilia mkazo mambo mawili: silaha zisipelekwe katika anga za juu, na majaribio yote ya nyuklia yasimamishwe. Machi mwaka huo wakubwa walirudi mezani Geneva. Sisemi kwamba walirudi kwa sababu ya hao sita. Walikuwa na sababu zao, na mapatano ya kurudi waliyafanya wenyewe mapema Januari hiyo hiyo. Nasema tu kwamba waliporudi walikuta dunia imekwisha kutaja kwa maandishi inachokitaka.

Sasa tuingie katika kiini cha jambo. Tangu tarehe 6 Agosti, 1985, siku ilipotimia miaka 40 tangu Hiroshima ilipochomwa, Muungano wa Kisovieti ulisimamisha majaribio yake ya nyuklia kwa hiari. Viongozi sita waliwaandikia wakubwa wote wawili wakiwataka wasimamishe kwa pamoja. Mwezi wa Machi 1986 Gorbachev aliwajibu kwamba nchi yake haitafanya jaribio hata muda iliokuwa imeuweka ukiisha, mradi Marekani nayo isifanye. Marekani ikakataa, na ikaendelea kulipua katika jangwa la Nevada. Moja ya sababu iliyokuwa ikitolewa miaka nenda miaka rudi ni hii: tutajuaje kwamba mwenzetu hadanganyi? Bomu linalolipuliwa chini ya ardhi halionekani kwa macho.

Wazee wa Handeni, kazi hii mnaijua kuliko mimi. Mkulima anasema ng'ombe wameingia katika shamba lake na kumaliza mahindi. Mfugaji anasema ng'ombe wake hawakupita hapo. Kila mmoja ana fimbo yake mkononi. Wazee wa kijiji cha tatu wanapoitwa hawaanzi kwa kulaani. Wanakwenda shambani kwa miguu yao, wanatazama nyayo, wanahesabu mashina yaliyoliwa, kisha wanarudi na kusema walichokiona. Baada ya hapo mtu anaweza kukataa kulipa, lakini hawezi tena kusema kwamba haijulikani kilichotokea.

Ndivyo walivyofanya hao sita. Mwezi wa Agosti 1986 walikutana Ixtapa, katika pwani ya Meksiko. Mwalimu alikuwepo, ingawa alikuwa amekwisha kuondoka Ikulu Novemba iliyotangulia. Pale walitoa waraka wa kitaalamu. Mlipuko wa chini ya ardhi hutikisa dunia, na mtikisiko huo hupimwa kwa vyombo. Mtaalamu akikaa na chombo karibu na uwanja wa majaribio, anaweza kutofautisha bomu na tetemeko la kawaida. Basi viongozi hao walisema: wataalamu wetu tutawatoa sisi. Vyombo viwekwe karibu na viwanja vya majaribio vya pande zote mbili, na watu wetu wakae navyo wakishirikiana na watu wenu. Na kwamba jambo hilo linawezekana lilikuwa limekwisha kuonekana mwezi uliotangulia, wakati wanasayansi raia wa Marekani, wasiotumwa na serikali yao, walipofunga vyombo vyao karibu na uwanja wa Semipalatinsk kwa ruhusa ya Wasovieti.

Hilo ndilo fundisho la pili, na kwangu mimi ndilo kubwa. Mnyonge hana jeshi la kumtisha mkubwa, wala fedha za kumnunua. Lakini anaweza kuiondoa sababu ambayo mkubwa anajifichia. Kulaani hakumgharimu mkubwa kitu, maana amezoea. Kumwambia "shida uliyoitaja sisi tutakusaidia kuitatua" kunamweka mahali pagumu. Akikubali, kazi inasonga. Akikataa, watu wake mwenyewe wanajua kwamba sababu haikuwa ile.

Muungano wa Kisovieti ulikubali. Serikali ya Marekani ilikataa, na safari hii ililazimika kusema wazi zaidi kwamba, maadamu inategemea silaha za nyuklia kwa ulinzi wake, itahitaji kuzijaribu. Usitishaji wa Wasovieti ukaisha Februari 1987, nao wakarudia kulipua. Hapo yuko atakayesema: basi, mmeshindwa.

Ndugu zangu, sisi waandishi tunayo tabia ya kuzikuza habari za viongozi wetu mpaka hazitambuliki, na tabia hiyo haiwasaidii wananchi wala viongozi wenyewe. Kwa hiyo nasema wazi kwamba viongozi sita hawakupata walichokitaka. Majaribio hayakusimama katika wakati wao. Mkataba wa makombora ya masafa ya kati uliotiwa saini Washington tarehe 8 Desemba, 1987, ulikuwa kazi ya Reagan na Gorbachev, na ya watu wa nchi zao na wa Ulaya walioandamana mabarabarani. Kwa mkataba huo makombora 2,692 yaliharibiwa kufikia mwaka 1991, na wakaguzi wa kila upande waliingia katika kambi za upande wa pili wakashuhudia kwa macho. Viongozi sita, walipokutana Stockholm Januari 1988, waliupokea kwa furaha, na hawakudai kwamba ni wao waliouleta.

Lakini hoja yao haikufa. Mwaka 1996 mataifa yalikamilisha Mkataba wa Kupiga Marufuku Kabisa Majaribio ya Nyuklia, nao umejengwa juu ya wazo lile la Ixtapa: kwamba ulinzi usiachwe mikononi mwa wenye mabomu peke yao, na kwamba nchi zisizo na bomu nazo ziwe walinzi. Mkataba ulipanga vituo na maabara 337 duniani kote, vingine vya kusikiliza mtikisiko wa ardhi, vingine vya kunasa chembe za mionzi hewani. Kimoja kati ya hivi vya mionzi kiko Dar es Salaam. Watoto wenu wanaopanda basi kwenda huko kutafuta maisha wanapita katika mji ambao hewa yake inachujwa na kupimwa ili dunia ijue kama kuna mtu amelipua bomu. Hiyo ndiyo kazi ya wazee wa kijiji cha tatu. Tunaifanya.

Liko fundisho la tatu, nalo lina huzuni. Indira Gandhi aliuawa tarehe 31 Oktoba, 1984, miezi mitano tu baada ya tamko la kwanza. Olof Palme alipigwa risasi barabarani Stockholm tarehe 28 Februari, 1986. Mwalimu aling'atuka katika urais mwaka 1985. Katika miaka miwili, nusu ya waanzilishi hawakuwa tena katika viti vyao. Kundi la watu lingekufa hapo. Lakini Rajiv Gandhi alikaa mahali pa mama yake, Ingvar Carlsson alikaa mahali pa Palme, na Mwalimu, akiwa nje ya Ikulu na bado Mwenyekiti wa Chama, aliendelea kusafiri na kutia saini. Ushirikiano uliosimama juu ya neno lililoandikwa hudumu kuliko urafiki wa wakubwa wawili waliopendana.

Kwa nini nawaambieni habari hizi za zamani? Kwa sababu mazungumzo yamekwama tena. Mkataba ule wa 1987 ulikufa Agosti 2019. Mkataba wa mwisho uliowawekea Marekani na Urusi kikomo cha silaha za masafa marefu ulitiwa saini Prague mwaka 2010. Urusi iliusimamisha kwa upande wake mwaka 2023, na muda wake ulipangwa uishe tarehe 5 Februari, 2026. Mkataba wa majaribio ulikataliwa na Baraza la Seneti la Marekani mwaka 1999, na mwaka 2023 Urusi ilifuta uridhiaji wake. Mikutano ya kuupitia Mkataba wa Kuzuia Kuenea, ya mwaka 2015 na ya mwaka 2022, yote miwili ilimalizika bila kukubaliana juu ya maneno ya mwisho. Ni kweli mabomu yamepungua sana, kutoka zaidi ya 70,000 katikati ya miaka ya themanini hadi kiasi cha 12,000. Lakini hayo 12,000 yanatosha kuzima jua la Handeni.

Sisi Afrika hatuendi mikono mitupu. Mwaka 1996, mjini Cairo, nchi zetu zilitia saini mkataba wa kulifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, nao ulianza kufanya kazi Julai 2009. Unaitwa Mkataba wa Pelindaba, kwa jina la mahali palipokuwa na kituo cha utafiti wa nyuklia cha Afrika ya Kusini. Mwaka 2019 Tanzania ilitia saini pia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, uliopitishwa mwaka 2017 kwa kura 122. Hoja ya unafiki waliyoweza kutupiwa wale sita, sisi leo hatuwezi kutupiwa kwa urahisi. Nyumba yetu tumeifagia.

Kinachopungua ni ile kazi ya Ixtapa. Katika mikutano ya dunia nchi zetu huhutubia moja baada ya moja, kila moja ikisikitika kwa dakika zake, kisha wajumbe hupanda ndege. Inafaa tuulizane kabla ya kwenda: ni neno gani moja tutakalolisema sote? Ni sababu gani wanayojifichia wakubwa leo, na ni huduma gani tunayoweza kuitoa ili kuiondoa? Wako wataalamu wetu wanaosoma vyombo vya mionzi na vya matetemeko. Watolewe, waaminiwe, waongezwe. Mwalimu wa sayansi wa hapa Kang'ata anayemfundisha mtoto kupima na kuandika alichokiona bila kukipunguza wala kukiongeza, anamwandaa mkaguzi wa kesho.

Mzee wangu aliyeniuliza swali, natumaini nimekujibu. Sikuambii uache jembe ukahangaike na mabomu. Nakuomba, mbunge wako na kiongozi wako anapopita hapa kueleza alivyotuwakilisha nje, umwulize, baada ya kumwuliza juu ya maji na barabara: huko mlikokwenda mlisema nini juu ya jua letu, na mlisema pamoja na nani?